Nati Kumi na Mbili za Raisa

Saa mbili asubuhi, na hakuna anayemsalimia Raisa Yegorovna. Si ubaya. Katika karakana hii ya nyika za Orenburg, mpakani mwa Urusi na Kazakhstan, anayekaza nati hasemeshwi, maana anahesabu.

"Arobaini na saba… arobaini na nane." Spana yake ya kipimo inalia tak, ishara kwamba nati imekazwa vya kutosha. Raisa, mwenye umri wa miaka 49, anavuta kigoda na kumimina chai.

"Haya, sasa hujambo," anamwambia mwandishi aliyemtembelea. "Tuna saa nzima ya kuongea."

Kombora lililolala mbele yake leo, kama mengine yaliyotangulia, lilikaa shimoni tangu ujana wake, limeelekezwa kwenye miji ya watu asiowajua. Sasa muda wake umekwisha. Kichwa cha bomu la nyuklia kimeondolewa, na mahali pake itafungwa setilaiti ya kupiga picha za mashamba. Kazi ya Raisa ni pete ya nati arobaini na nane inayounganisha vipande viwili vya kiwiliwili. Anazikaza, anasubiri saa moja gasketi, mpira wa kuziba kiungo, itulie, anazikaza tena. Hapo ndipo anapogonga namba yake, 17, kwa muhuri wa chuma kando ya kila nati.

Raundi hiyo ya pili ndiyo iliyomtesa miaka ishirini na minne.

Mwaka 1984, akiwa kwenye pete kama hii, simu ya ukutani ililia. Ilitoka chekechea: Lyuba, binti yake wa miaka mitatu, alikuwa anaungua kwa homa. Raisa alianza raundi ya pili mbiombio. Alipofika nati ya thelathini na sita, basi la mchana likapiga honi getini. Akagonga 17 kwenye nati zote, hata zile kumi na mbili ambazo hakuzirudia, akatia sahihi, akakimbia.

"Nilijiambia nitazimalizia kesho," anasema. "Kesho yake nakuta limeshateremshwa shimoni."

Lyuba alipona. Raisa akanyamaza. Alinyamaza hata miaka ya tisini, mshahara ulipochelewa nusu mwaka na familia ikaishi kwa viazi vya bustanini. Leo anapata rubli 11,000 kwa mwezi, na amebakiza mwaka mmoja apate pensheni.

Ndipo Aprili mwaka huu kombora lile la 1984 likatolewa shimoni, na wa kwanza kuonyeshwa kitabu chake cha kumbukumbu za ufundi akawa yeye. Aliiona sahihi yake, akazikumbuka nati zile kumi na mbili. Kitabu kilisema pete ni salama, kwa hiyo hakuna aliyepanga kuigusa. Angenyamaza, pensheni ingekuwa yake, na setilaiti ya watu ingepandishwa juu ya nati asizoziamini.

Liwalo na liwe, alikwenda kwa mkuu wa karakana, Anatoly Fomich Beresnev.

"Miaka ishirini na minne, Raisa Yegorovna!" mzee aling'aka. "Leo ndiyo unakuja kunipandisha presha?"

"Zamani lingeruka vitani, Anatoly Fomich, nani angebaki duniani wa kuniuliza?"

Fomich aliinuka. Akachukua kofia yake, wakaenda wote.

Nati ya thelathini na saba, spana ikalia tak papo hapo, haikuwa imelegea. Ya thelathini na nane, vilevile. Kumi na moja zilikuwa sawa, na Raisa alianza kujiona mjinga. Ya mwisho ikazunguka. Robo mzunguko mzima, anasema, ndipo spana ikalia tak.

"Mama wee," Fomich alisema, akijipepea kwa kofia. "Ungetuzika!"

Alimwandikia barua ya onyo hapo hapo. Kisha akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Kombora lilirushwa Juni. Raisa alilitazama kutoka kwenye bustani yake ya viazi, jembe mkononi, mpaka likapotea mawinguni. Robo saa baadaye Fomich alipiga simu: "Setilaiti imefika. Iko mahali pake." Raisa aliketi kwenye tuta akalia kwa raha, na hakujali majirani.

"Miaka yote nilikuwa naomba lisiruke hata moja," anasema. "Sasa naomba yaruke yote."

Makombora matatu yenye namba 17 bado yako shimoni. Anataka kuyafungua mwenyewe, nati kwa nati, kabla hajastaafu. Lyuba, ambaye sasa ana miaka 27 na mimba ya kwanza, anamsihi ahamie kwake Samara.

Simu ya ukutani inalia. Fundi mmoja anaipokea, kisha anaifunika kwa kiganja.

"Mama Raisa, ni Lyuba! Anauliza unakuja lini."

Raisa ananyanyuka nusu, anatazama saa, anaketi tena.

"Mwambie nikishayatoa matatu yangu. Na mwambie nitampigia mwenyewe," anasema. "Raundi ya pili bado dakika kumi na nane."