Nimelichakaza gari la marehemu, imebaki taa ya kushoto

Admin, weka kama ilivyo, jina langu tu lifiche. Na wale wa kukimbilia kwenye komenti kuandika "mwanaume mzima unacheza na vigari", piteni. Hayo nimeshaambiwa na ndugu zangu wa damu, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Nina miaka arobaini na nne, nina mke na watoto, naishi Tabata na nina kiduka cha kutoa kopi na kuchapa barua. Utotoni kule Ukonga nilikuwa fundi wa magari ya waya, matairi ya ndala. Nikaacha nilipoenda shule ya bweni. Baba alipofariki mwaka juzi, pikapu yake aliyobebea mbao maisha yake yote ilichukuliwa na kaka yangu mkubwa anayekaa Tegeta. Hakuuliza mtu. Sikugombana naye. Nikasema nitaitengeneza ya kwangu, ndogo ya kukaa mezani, vilevile ilivyokuwa nilipokuwa na miaka tisa.

Kazi ilinichukua miezi saba. Bodi nimeikata kwenye bomba la plastiki nililolipasha moto nikalilaza bapa, vioo kwenye chupa ya maji, viti kwenye pochi kuukuu ya mke wangu. Sasa, kigari kikishapigwa rangi kinang'aa kama cha dukani, hakina uhai. Ndiyo maana kinachakazwa. Unasaga tofali, unachanganya na gundi na majani ya chai, unapata kutu. Vumbi la mkaa linakuwa moshi wa ekzosi. Tuna grupu letu la watu tisa tunaofanya mambo haya, na neno letu ni hilohilo, kuchakaza.

Jumatano moja nikarekodi ujumbe wa sauti, nimefurahi kweli: "Jamani, gari la marehemu nimeshalichakaza lote, imebaki taa ya kushoto tu. Hiyo naimaliza kesho." Nikautuma kwenye grupu la familia.

Niliufuta haraka, lakini mdogo wetu wa mwisho, wa kike, alikuwa ameshausikiliza. Kesho yake kaka akiwa na ile pikapu alimkwepa bodaboda akauvaa ukuta. Taa ya kushoto ikaingia ndani. Mkono wake umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

Nitasema ukweli kwa kuwa hapa sina jina. Nilipopata habari, kabla hata sijauliza kama kaka ni mzima, nilifurahi. Kidogo tu, halafu nikajionea aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Jumamosi asubuhi wakaja kwangu, yule mdogo wetu na kaka na plasta yake. Mtoto niliyembeba mgongoni hakunipa hata shikamoo. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakiona kigari, ubavu wa taa ya kushoto umebonyea na kutu imeuzunguka.

"Si hili hapa! Kalibonyeza palepale!"

"Hilo bonyeo la zamani," nikamwambia. "Baba aliwahi kugonga nguzo ya geti, baadaye akaliziba kwa puti. We hukuwa na akili bado, na kaka alikuwa anasoma Masasi kwa baba mdogo. Nendeni mkaliangalie gari, mtakuta puti imebanduka, chini yake kuna kutu ya miaka. Kutu ya siku mbili haiwagi vile."

Kaka akacheka kwa pua. "Ndo uchawi wenyewe huo. Kutu ya miaka kwa siku mbili. We dogo una kinyongo na hili gari tangu msibani."

"Kinyongo cha nini braza, gari lenyewe hata kuliosha hulioshi!"

"Unamsikia?" akasema mdogo wetu. "Mchawi hajifichi."

Hukumu wakaitoa hapohapo, wamesimama kwenye zulia langu. Jumapili ya wiki inayofuata niende Tegeta na kigari na mafuta ya taa niliyonunua mwenyewe, nikichome mbele ya ukoo wote, niombe msamaha. Nisipokwenda, nisikanyage tena pale. Na mama yetu anaishi palepale, kwa kaka.

Kuna jambo sikuwaambia. Siku baba alipogonga ile nguzo alikuwa anamkimbiza mama hospitali kujifungua. Alikata kona vibaya getini kwa haraka. Mama alikuwa amekaa upande huohuo wa kushoto, na mimi nimesimama nje naangalia. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo ndiye huyu anayeniita mchawi.

Basi nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, si unaikumbuka nguzo ya geti?"

Nikawa nasikia televisheni ya kaka kwa nyuma.

"Naikumbuka," akasema.

"Basi waambie."

"Mwanangu, mie nalala kwa kaka yako. Choma tu, yaishe."

Nimekasirika, jamani. Nimewakasirikia wote, na mama ndiye anayeniuma zaidi. Nikikichoma, nimekubali kwa mkono wangu kuwa nimemroga ndugu yangu, na wanangu wataitwa watoto wa mchawi. Nikisimama mbele ya ukoo nikasema mama anajua, nimemuumbua mama yangu kwenye nyumba anayolala, kisha mimi narudi Tabata namwacha humo. Kigari kipo hapa mezani. Mke wangu amekifunika kwa kanga ili nisikione.

Jumapili ni keshokutwa. Nyie ambao hamtujui, nishaurini: nichome kigari, au nimtaje mama?