Nzioka, Kesho Atagonga Nani?

Watu wangu, hii bado haijaniingia. Jumapili Nzioka ananicheka hapa Katelembo vile nimenona, Jumanne napigiwa simu eti kichwa kilimuuma, akalala, hakuamka. Jana tumemzika.

Mnanijua. Mimi ndiye nimefika Dubai na Doha, nikalinda mageti ya matajiri, na shule niliachia Form Two. Maneno hayajawahi kuniishia. Leo nayatafuta.

Nzioka hakuwa chifu, hakuwa pasta. Alikuwa fundi wa mawe. Lakini mtu akifiwa huku, wa kuitwa kuchimba kaburi alikuwa yeye na vijana wake.

Desturi mnaijua, wachimbaji lazima wapewe pombe. Kuna siku tulikuwa tunamchimbia kijana aliyeuawa na hiyo hiyo pombe, na tumelewa mpaka mmoja wetu akaanguka ndani ya shimo. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Nzioka akashuka, akamwinua, akatuuliza, "Tukiendelea hivi, wa mwisho atachimbiwa na nani?"

Kicheko kiliniisha.

Kutoka hapo akaweka sheria: ukinuka, hushiki jembe. Badala ya chupa, sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kula ushibe.

Hawa ni vijana walikuwa wanafukuzwa kwa kila harusi. Sasa mama akiona mtoto wake amebeba jembe la Nzioka, anajua leo ako sawa. Hakuna semina imewahi kufanya hiyo kitu, na mimi semina nimekaa nyingi, nikingoja soda.

Jana sasa. Vijana wako kwa shimo, mjomba wa Nzioka akafika na gari kutoka mjini, akafungua buti. Imejaa chupa za pombe kali. Akasema mpwa wake hawezi kuchimbiwa kama mtu hana watu. Ni mzee, na msiba ni wake. Utamwambia nini? Nikajaribu mzaha. Hakuna aliyecheka.

Kioko akanyoosha mkono, akachukua moja. Kioko, ambaye Nzioka alimtoa kwa nyumba ya kuuza chang'aa majuzi tu, mikono bado inatetemeka. Akalaza jembe chini polepole, akaenda nyuma ya zizi la mbuzi. Wenzake wakaendelea kuchimba, lakini masikio yote yalikuwa huko.

Nikamfuata. Nilimpata ameketi, chupa katikati ya magoti, kifuniko bado kiko. Nikamwambia, "Kijana yangu, irudishe."

"Unajua alikuwa ananigongea?" akaniuliza.

Sikujua. Kumbe kila asubuhi, kabla ile nyumba haijafunguliwa, kabla hamu ya kutoa lock, kuzimua pombe ya jana, haijamshika, Nzioka alikuwa kwa mlango wa Kioko. Wanakunywa chai mpaka jua litoke, ndio aende kwa mawe yake. Hakuwahi kutaja, hata kwangu mimi rafiki yake wa kufa kuzikana.

"Sasa kesho atagonga nani?"

Nikasema mimi. Mimi, ambaye nikiwa off siamki kabla ya saa nne. Alinitazama kama mtu anauziwa simu feki. Akaenda nyumbani na chupa yake.

Wale wengine walimaliza kaburi bila kuonja. Mjomba akafunga buti.

Leo alfajiri nimegonga. Kimya. Nikagonga tena, nikaita jina. Nimelinda geti na mbwa wakali, lakini sijawahi kuogopa mlango hivyo.

Akafungua. Chupa iko mezani, haijaguswa. Akasema hakulala, alikuwa anaiangalia. Tukanywa chai, tukaiangalia wawili. Amekataa niimwage, na sikumlazimisha.

Jina lake ameniruhusu niandike. Amesema watu wajue mlango wa kugonga ni upi.

Sasa mnisikize. Wiki ijayo niko shift ya asubuhi kiwandani Athi River, na supervisor wangu hajui mambo ya matanga. Nani wa Katelembo atagonga? Sitaki mchango, sitaki emoji za kulia. Nataka mtu wa kuamka. Majani ya chai nitaacha kwake. Andika siku yako hapo chini, na usiandike kama hutafika.

Lala sasa, Nzioka, ndugu yangu. Umeamka mapema vya kutosha.