Siku Atakapoacha Ziwa

Mama Hatamu alikuwa na taya lililopinda upande wa kushoto, na kila mgeni aliyefika bandani alidhani ni mumewe aliyelipinda. Haikuwa hivyo. Taya lilivunjwa na farasi alipokuwa na umri wa miaka tisa, siku alipomshikia baba yake, fundi wa kwato, mguu wa mnyama asiyetaka kushikwa. Alichovunja mumewe ni kifundo cha mkono, miaka kumi na mitatu baadaye, naye Mama Hatamu alimjibu kwa kiatu cha farasi kilichokuwa karibu. Meno mawili ya mume yakabaki sakafuni. Wafanyakazi wenzake walipenda kusema kwamba ndoa ile ilivunjwa na chuma kabla ya kuvunjwa na talaka. Mwenyewe alipoulizwa, alijibu kwa upole kwamba kiatu kilikuwa kizima, akakiosha, na farasi akakivaa.

Kwa miaka ishirini na sita alisimamia vizimba kumi na vinne vya farasi wa Tajiri, na katika muda huo wote hakuna mtoto wa farasi aliyeachishwa ziwa ila kwa neno lake. Mtoto alipotimiza miezi mitano, Mama Hatamu alimwaga pumba katika kona ya mbali kabisa ya ua, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahesabu ni mara ngapi mtoto anainua kichwa kumtafuta mama yake. Mara ishirini, alisema bado. Mara kumi, vilevile bado. Siku mtoto alipokula mpaka pumba ikaisha bila kugeuka, alitamka, "Tayari," na kesho yake mama alipelekwa malisho ya ng'ambo ya kilima, ambako sauti haifiki. Aliwakataza wote wasikikamue kiwele kilichojaa, hata mnyama akilia. Maziwa yakikamuliwa hurudi, alisema, na huruma ya namna hiyo hurefusha maumivu. Tajiri, mtu asiyependa kuambiwa jambo, hakuwahi kulipinga neno hilo hata mara moja.

Ndiyo maana aliweza kumwokoa Makaa.

Makaa alikuwa farasi jike mweusi tii, mwepesi wa hasira. Mtoto wake wa kiume alikuwa na wiki tatu pale mwana wa kwanza wa Tajiri, ambaye wafanyakazi walimwita Mrithi akiwa hayupo, alipoingia kizimbani kumtazama. Makaa alilaza masikio, akamziba mtoto kwa mwili wake. Mrithi hakuzoea kuzibiwa njia. Aliutwaa mnyororo wa mlangoni, akampiga nao mbavuni, pigo juu ya pigo, hata damu ikarukia ukuta uliopakwa chokaa. Mama Hatamu alitoka mbio kwenye ghala la nyasi, akafika kwa mapigo mawili ya mwisho. Kisha aliona kwato mbili za nyuma zikiondoka ardhini pamoja. Moja ilimpata Mrithi gotini, goti likapinda upande ambao magoti hayapindi. Ya pili ilimpata usoni. Alipobebwa kutolewa nje, jicho lake la kulia halikuwa jicho tena.

Katika ghasia ile, mikono ya Mama Hatamu ilifanya yale iliyozoea kufanya kwa miaka yote. Iliokota mnyororo, ikausuuza katika ndoo, ikautundika kwenye ndoano yake. Ikatupa blanketi juu ya mbavu za mnyama ili nzi wasitue. Tajiri alipofika na bunduki, kizimba kilikuwa nadhifu. Damu yote iliyoonekana ilihesabiwa kuwa ya mwanawe, na mwanawe alikuwa amekwisha kusema, kwa mdomo uliopasuka, kwamba ameshambuliwa bila sababu. Mama Hatamu alifumbua kinywa, akaona hana cha kuonyesha: vidonda vibichi vilikuwa nyama iliyovimba tu, na yeyote angesema mnyama alijipasua ukutani. Neno la mtunza farasi lisingesimama mbele ya jicho la mtoto wa Tajiri. Badala yake alisimama mlangoni.

"Ukimpiga huyu leo, Mzee, utazika wawili," alisema. "Mtoto hajajua hata ladha ya jani."

Tajiri aliielekeza bunduki chini. "Basi siku atakapoacha ziwa," alisema. "Na siku hiyo utaitaja wewe."

Kutoka kwa baba yake Mama Hatamu alijua jambo moja ambalo wengi bandani hawakulijua: ngozi ya farasi mweusi ikichanwa kwa kina, manyoya yake huota tena meupe, palepale palipochanwa. Lakini hayaoti upesi. Hungoja kidonda kifunge na mnyama abadili manyoya, na hiyo ni kazi ya miezi. Kwa hiyo blanketi halikutoka tena mgongoni mwa Makaa. Alisema ni ubaridi wa mbavu, na wafanyakazi wakacheka kwamba mwenzao anamvisha maiti sanda mapema. Kila alfajiri aliinua pindo, akatazama, akalishusha.

Mwezi wa tano alimwaga pumba, na mtoto akageuka mara tatu. Mwezi wa sita hakugeuka kabisa. Alikula mpaka akalamba mawe, na wote waliokuwa uani wakamgeukia mwanamke aliyeketi juu ya ndoo.

"Bado," alisema Mama Hatamu.

Lilikuwa neno la uongo la kwanza kulisema katika ua ule.

Mrithi alikuja kila wiki kwa mkongojo, akasimama mbele ya kizimba. "Mama Hatamu," aliuliza siku moja, "huyo mtoto unangoja aote ndevu?"

"Ndevu si hoja, mwanangu. Wapo waliokwisha kuota na bado wananyonya kwa baba zao."

Wafanyakazi waliinamia mafagio yao ili nyuso zisionekane. Mrithi aliugonga mlango kwa mkongojo, na Makaa, kutoka ndani, akazijibu mbao kwa mateke mpaka misumari ikalegea.

Mwezi wa saba mtoto yule alikuwa dume lenye meno kamili na shingo nene. Lilinyonya kwa vita, likigonga kiwele kwa kichwa na kukiuma, hadi chuchu zikapasuka na kutoa usaha. Makaa alikonda, mifupa ya nyonga ikajitokeza. Mama Hatamu alimwosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, Makaa akamuuma mkono mara mbili, naye akarudi siku iliyofuata. Alijua anachofanya: ili kumwokoa mama, alikuwa akimwacha aliwe na mwanawe. Na chini ya blanketi, ngozi tupu ilikuwa imeanza tu kuota kitu chepesi, kama ukungu juu ya mkate.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, Tajiri alifika bila kutoa habari. Alikuwa na bunduki na mwanawe, na pumba aliibeba mwenyewe. Aliwafungulia mama na mtoto waingie uani, akaimwaga kwenye kona ya mbali.

Dume halikuitazama pumba. Lilijitupa chini ya mama yake, likauma. Makaa alipiga ukelele, akazunguka, akalitandika kwa kwato zote mbili. Likaruka mpaka kwenye uzio, ubao ukavunjika. Lilinyanyuka, damu ikilitoka puani, likarudi. Mara hii alilipokea kwa meno, na kipande cha sikio kikabaki kwenye vumbi. Lilisimama mbali, likitetemeka. Kisha likageuka, likaiendea pumba, likaila pamoja na damu yake, wala halikuinua kichwa tena.

"Mama yake mwenyewe kasema," alisema Tajiri, akaingiza risasi.

Mrithi aliutwaa mnyororo kwenye ndoano ili amfunge Makaa. Mama Hatamu alimtangulia, akashika blanketi.

"Mtoto yuko tayari tangu mwezi wa sita, Mzee. Nilikudanganya. Nilikuwa nangoja hiki."

Alilivuta. Juu ya mbavu nyeusi zilizokondeana zilitokea safu za manyoya meupe, kila safu imekatika vipandevipande kwa nafasi sawa, kama shanga zilizotungwa. "Nipe huo mnyororo," alimwambia Mrithi.

Mrithi alimpa mkongojo. Ulimshukia begani, na mfupa ukalia, kila mtu akausikia. Mama Hatamu alianguka kwa magoti. Mnyororo nao ukamponyoka Mrithi, ukaanguka karibu yake. Aliuokota kwa mkono mzima, akainuka, akaulaza juu ya safu ya kwanza. Makaa alitetemeka mwili wote, lakini alisimama. Pete ya mnyororo ikakaa juu ya weupe, pete ikakaa juu ya weupe. Midomo ya Tajiri ilikuwa ikihesabu safu bila sauti.

"Mara nane?" alimuuliza mwanawe.

"Ni mnyama tu, Baba."

Tajiri alimpiga tumboni kwa kitako cha bunduki, Mrithi akakaa chini akitafuta pumzi. Kisha baba akamgeukia Mama Hatamu kwa uso uleule.

"Na wewe. Miezi miwili nakuuliza, miezi miwili unanidanganya. Neno lako halina kazi tena hapa. Mchukue, mwondoke nyote wawili, kabla sijakumbuka jicho la mwanangu."

Mama Hatamu aliondoka saa ileile, bega limefungwa kwa pande la blanketi, kamba mkononi. Hawajafika langoni, dume lilianza kuupiga uzio na kuita. Makaa alijibu, akajirusha nyuma, na kamba ikachuna kiganja cha Mama Hatamu mpaka nyama ikaonekana. Hakuiachia. Barabarani mnyama alimuuma mkono, naye hakumpiga. Maziwa yalidondoka kutoka kwenye kiwele chenye vidonda, tone kwa tone juu ya vumbi, na mkono uliowakataza wengine kwa miaka ishirini na sita ukatamani kukamua. Hakuuruhusu.

Alihesabu. Kufika darajani, Makaa alikuwa amegeuza kichwa mara kumi na nne. Kufika kwenye tanuri la wachoma matofali, mara thelathini na moja, na sauti ya dume ilikuwa haisikiki tena.

"Bado," alisema, akaendelea kuvuta.