Madirisha ya Darasa la Kwanza

"Wewe uliyesoma chuo, hebu tuambie. Hawa wageni wako, kwao hakuna baridi?"

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja wa kamati ya shule kijijini kwetu, sindano ya magunia mkononi, kiroba cha mbolea magotini. Wageni wale walitoka nchi ya theluji. Nilishaona picha zao za nyumbani wamejifunika mpaka masikio. Halafu wakaja huku kwetu mlimani, Ufipa, ambako upepo wa Juni huanza alfajiri na haukuti mti wa kuuzuia, wakatujengea darasa lenye madirisha mapana yasiyo na vioo, wavu mtupu, kuanzia kiunoni hadi karibu na paa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimerudi nyumbani. Vijana wale wa kujitolea walihitaji mkalimani, nikaichukua nafasi hiyo. Sikuwaamini sana. Nilijiuliza kwa nini mtu avuke bahari aje kubeba tofali, wakati vijana wetu wamekaa senta wanacheza bao. Lakini walibeba, siwezi kusema uongo. Malengelenge yao niliyaona. Fundi wetu ndiye aliyeyatilia shaka madirisha. Aliuangalia mchoro, akakuna kichwa, akasema, "Mchoro ndivyo unavyosema. Na wenye mabati ni wao."

Watoto wa darasa la kwanza walihamia humo mvua zilipokwisha. Upepo ulipoanza, kina mama wakashona viroba na kuvitundika kwenye madirisha yote. Ndani kukawa na giza, lakini watoto waliweza kushika penseli. Mwalimu wao akaandika ubaoni kwa herufi kubwa zaidi.

Shida ilikuwa chumba cha pili. Kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa. Kiongozi wa wageni, mama mtu mzima na mpole, alikuwa amesema atarudi Julai kuona chumba cha kwanza kinavyotumika, ndipo aamue kuhusu mabati mengine. Bila mabati, kuta zingenyeshewa, na darasa la pili wangeendelea kusomea kigangoni, wamepiga magoti sakafuni wakiandikia juu ya mabenchi ya kanisa, na kutolewa nje kila kulipokuwa na mazishi.

Mwalimu mkuu, mwanamke aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, akaagiza viroba vyote vitolewe kabla mgeni hajafika.

"Mgeni ukimwonyesha kasoro ya zawadi yake, ya pili huipati," aliniambia.

"Lakini mwalimu, si ndio ukweli?"

"Ukweli wako una mabati mangapi?"

Nikaenda kuvishusha viroba.

Mgeni alipoingia, watoto walisimama na kuimba, sauti zikitetemeka. Walikuwa wamejibana upande mmoja, watano watano kwenye dawati, na madawati ya upande wa upepo yako matupu. Akauliza kwa nini wamekaa vile. Nikamtafsiria mwalimu mkuu.

"Mwambie wanapendana."

Nikamwambia hivyo. Aliandika kitu kwenye simu yake. Hapo ndipo yule mama wa kamati akaingia na furushi la viroba kichwani.

"Mmemaliza kuangalia? Watoto wanaganda."

"Mama, hebu toka kwanza," alisema mwalimu mkuu.

"Nitoke, niuachie upepo ukulelee watoto?"

Mgeni akanigeukia anataka kujua kinachosemwa. Mwalimu mkuu akaniwahi, "Mwambie anatusalimu."

Nilijua tunachoweza kupoteza. Nilijua pia ninachokisikia. Nikasema, "Anasema watoto wanaganda."

Yule mgeni alikwenda dirishani, akasimama pale hadi macho yakamtoka machozi, akafunga zipu ya jaketi. Kisha akashika ncha moja ya kiroba, na mama wa kamati akashika nyingine, wakakitundika kwenye misumari.

Mwalimu mkuu hakunisemesha tena mpaka siku mabati yaliposhushwa, kabla ya mvua. Madirisha ya chumba cha pili tuliyaziba nusu kwa tofali.

Baadaye nilipata ajira ya ualimu bondeni, Mtowisa, kwenye mpunga na joto. Shule ya pale ilikuwa na darasa moja lenye vidirisha vidogo, vimekaa juu kama vya ghala. Ilipofika saa nne ndani hapakaliki, na wazazi walikuwa wamebomoa tofali huku na kule watoto wapate hewa. Nilimuuliza fundi wa pale nani aliamua hivyo. "Mchoro," akasema. Waliojenga walikuwa kundi jingine la wageni wetu walewale, mwaka uleule.

Nilimwandikia kiongozi wao. Naye alikuwa ameshagundua, akiwa kwao. Michoro ilikuwa miwili, wa mlimani na wa bondeni. Siku walipogawana magari pale Sumbawanga mjini, kila mchoro ulipanda gari la mwenzake.