Kalibu Inageuza

Tiki-tiki-tiki. Nilisikia gurudumu la baiskeli kabla sijaona kitu chochote, gurudumu linalozunguka bila kwenda popote, nikasimama katikati ya njia. Nilikuwa nimerudi Kilwa Kivinje kuezua bati za nyumba ya bibi kabla hazijaanguka zenyewe. Nilipopiga kona nikaona mzee mmoja kaipindua baiskeli yake, anapaka mnyororo mafuta. Basi, ni hilo tu. Nikamwamkia, akaitikia, akabaki ananitazama, akishangaa kwa nini siendi.

Zamani sauti ile ilikuwa na maana moja mtaani kwetu: fundi ameanza kazi. Alikuwa mtu wa Nyangamara, amepanga chumba cha uani nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliyeyusha masufuria yaliyotoboka na kuyafanya mapya. Alikuwa amefunga gurudumu la baiskeli kwenye feni ndogo. Ukilizungusha kwa mkono, feni inapuliza makaa, nayo makaa yanapiga mluzi. Uani kwake kulinuka moshi wa vifuu na korosho za kuchoma, na alipotoka kwao kusalimia hakurudi bila kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, kwa ajili ya bibi. Kusoma alikuwa hajui. Mkewe alipomtumia ujumbe, alikuja barazani kwetu na simu yake ya tochi, mimi nikamsomea, yeye akitazama pembeni kwa haya kama bwana harusi.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa historia alitangaza maonesho ya shule. Alitaka tutengeneze upya kitu ambacho watu wa Kilwa walikibuni kwa mikono yao: sarafu za shaba za masultani. Alituonyesha picha kwenye kitabu, akatuambia kitu ambacho sijakisahau. Upande mmoja wa sarafu waliandika jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na maneno yale yalifanya kina na jina lile. Pesa yao ilikuwa shairi la mistari miwili! Tukachagua sultani mmoja, na kina tukakitafuta wenyewe: Sulemani, tegemeo lake Manani.

Mwalimu mkuu wetu naye alikuwa Sulemani. Tulicheka kidogo kwa hilo, kwa kuzibana midomo.

Kazi ya kuandika wenzangu walinipa mimi kwa sababu ya bibi. Alikuwa akifundisha wasichana wa mtaa Kurani barazani kwetu, na mwandiko wangu wa herufi za Kiarabu ulikuwa umetokana na fimbo yake nyembamba. Fundi alikubali kutuyeyushia shaba, waya wa feni mbovu. Sisi tulileta vifuu vya nazi na udongo wa kichuguu wa kutengenezea kalibu, yaani lile umbo la udongo ambamo shaba humiminwa. Hapo ndipo utani ulipoanzia, maana fundi hakuwa na r kinywani.

"Kalibu, wanangu," alisema tukibisha hodi.

"Fundi, unatukaribisha au unaiagiza?"

"Yote mawili. Ingieni, na muilete."

Siku ya kwanza mwalimu hakuwepo. Nilikuwa nimechora jina kwenye udongo kwa mwiba, kwa uangalifu wote, ulimi nje. Shaba ilimiminwa nyekundu kama jua la magharibi, ikatulia, ikawa nyeusi. Fundi alipoitoa kwa koleo na kuipangusa kwa majivu, niliona jina limenipa mgongo. Kila herufi ilikuwa yangu na kila herufi ilitazama upande usio wake.

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. "Kalibu inageuza, hukuambiwa? Ukiandika sawa, inatoka kinyume. Andika kinyume, itatoka sawa."

Kisha akaniwekea ile mbovu kiganjani, bado ina joto. "Ya kwanza ni ya mwenye mkono. Ichukue."

Kesho yake nikaenda nayo shuleni mfukoni. Asubuhi hiyo viranja walikuwa wanakagua mifuko mstarini. Nikaogopa, nikainama kama ninayefunga kiatu, nikaisukuma kwenye ufa wa ngazi ya ofisi. Mchana ikanyesha mvua. Nilipoifuata, ufa ulikuwa umejaa mchanga, na mimi nilikuwa na njaa. Nikaiacha.

Tukatengeneza nyingine saba, zote sawa. Mwalimu alizipanga juu ya kitambaa cheupe, wageni wakazishika, wakasoma kwa sauti, wakatabasamu walipofika kwenye kina. Mwalimu mkuu aliinua moja akasema, "Leo na mimi nimekuwa sultani." Ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyakumbuka yakitoka kwenye kinywa kilichonyooka.

Jumatatu iliyofuata alianguka pale pale kwenye ngazi ya ofisi. Walipomwinua, upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka.

"Presha," alisema bibi alipoletewa habari. "Na chumvi hakuacha."

Lakini mtaani hakuna aliyetaja chumvi. Siku ya tatu, mama aliyekuwa akifagia ofisi alichokoa ufa wa ngazi kwa njiti ya ufagio, ikatoka shaba. Jina la mwalimu mkuu, limeandikwa kinyume, limefukiwa mahali anapokanyaga. Kwetu kitu kama hicho hakisomwi mara mbili. Kabla ya adhuhuri Kivinje nzima ilikuwa na sentensi moja, inasemwa kwa sauti ya chini dukani, kisimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga: hapa pana mkono wa mtu.

Na kweli ulikuwepo. Ulikuwa huu ninaoandikia.

Mwalimu wa historia aliingia darasani ameishika kwenye karatasi, hataki iguse ngozi yake. "Zangu zilikuwa saba na zote ninazo," alisema. "Anayeijua hii anyooshe mkono." Nje, kunguru walikuwa wanagombania makombo ya uji. Niliutazama mkono wangu juu ya dawati. Niliuambia upande. Haukupanda. Wenzangu waliokuwa uani siku ile walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu.

Jioni ile gurudumu halikulia. Jirani wa mbele alikwenda kuchukua sufuria yake kwa fundi kabla haijazibwa, akarudi nayo kifuani huku tundu linaonekana. Watoto wakakatazwa kupita uani. Mtu akachora msalaba wa mkaa kwenye mlango wa fundi, na aliyechora hakujulikana, au alijulikana na kila mtu.

Nilimwambia bibi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu."

"Lakini bibi, watamuua."

Aliweka ungo chini, akaniinulia uso wake. "Wakisikia ni wewe, watauliza herufi umefundishwa na nani. Nitazame macho."

Nikamtazama. Yalikuwa mekundu, kama ya kila mwanamke aliyepika kwa vifuu miaka hamsini. Siku zote niliyaona macho ya bibi tu. Siku ile niliyaona kama watu wengine watakavyoyaona.

Leo uani kwa fundi pameota mbigili. Mwalimu mkuu alipona nusu, akahamia kwa wanawe. Sarafu saba za maonesho sijui ziko wapi. Shuleni walimu ni wapya, hawajapata hata kuzisikia. Mwenye baiskeli kule kwenye kona, nilipomuuliza, alisema hapajawahi kuwa na mfua shaba hapa. Nimekaa leo kwenye baraza ya bibi, juu yangu mbingu tupu pale palipokuwa na bati, nikagundua kwamba kilichobaki duniani cha yule mtu ni ninachokikumbuka mimi, mimi niliyenyamaza.

Fundi alikuja kutuaga Ijumaa ya wiki ile, baada ya sala. Amevaa kanzu safi, begi begani, gurudumu la baiskeli kalishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo safari?"

"Ndiyo. Gali la Lindi linapita saa nane. Wazee wa mtaa wamenipa mpaka hapo."

Bibi alivuta ushungi wake. Nilijua anataka kuuliza nini na anaogopa jibu. Fundi hakujua kusoma. Angesema neno hilo moja tu angeokoka, na swali lingetoka kwake likaja moja kwa moja mpaka barazani kwetu: basi nani kaandika?

"Walikuuliza?" alisema mwishowe.

"Waliuliza nani kaandika."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mimi."

"Wewe hujui hata alifu."

"Hilo wao hawalijui, mama."

Fundi akaingiza mkono kwenye begi, akatoa kifurushi cha kitambaa, akakiweka mikononi mwangu. Nilikitambua kwa uzito. Udongo wa kichuguu, mwandiko wangu wa mwiba, jina limekaa sawasawa, lile la siku ya kwanza.

"Kalibu," alisema.

Sikujua kama ananitajia kitu au ananikaribisha mahali. Sijajua mpaka leo. Alivuka kizingiti, gurudumu likagusa ukuta, likalia tiki, tiki. Bibi akasubiri avuke baraza, kisha akaufunga mlango na kutia komeo.