Usukani Uko Kulia

Mimi hupenda kujisifu kwamba darasa langu la Busanza, hapa Kigali, linaijua dunia kuliko maofisa wengi wa wizara kule Kacyiru. Kila Jumatatu asubuhi tunafungua habari za nchi nyingine, na kabla ya kuziamini wanafunzi huuliza: nani amepiga picha hii, wapi, lini? Maswali hayo niliyatunga mwenyewe, na nilikuwa nikiyaringia.

Jumapili moja nilipokea video ya mafuriko: maji yamefika madirishani, watu wamepanda juu ya paa. Maelezo yalisema ni Bujumbura, siku hiyohiyo. Iliniuma, nikairusha papo hapo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nikaandika tuwaombee jirani zetu. Sikuuliza swali hata moja.

Kesho yake niliionyesha darasani, nikaanza kuwahubiria kuhusu uongozi: kiongozi ni yule anayeguswa na shida ya mtu asiyemjua. Hotuba ilikuwa imeninogea kweli. Katikati yake msichana mmoja akanyoosha mkono, macho yamemvimba. Bibi yake anaishi Bujumbura. Simu ya bibi ilikuwa haipatikani tangu jana, mpaka wa Burundi umefungwa, na mama yake, anayeuza nguo sokoni, hakufungua kibanda. Alikuwa nyumbani analia kwa sababu ya video niliyoituma mimi. Bibi alikuja kupatikana mchana, mzima kabisa, simu iliisha chaji tu, lakini asubuhi ile hatukulijua hilo.

"Ticha, hii haiko Bujumbura," akasema. "Magari iko inapita kushoto."

Alikuwa ameirudia mara nyingi akitafuta nyumba ya bibi yake.

Nikamwambia akae. Ndiyo, nilikasirika, mwanafunzi hamkosoi mwalimu mbele ya wenzake, na sikutaka mazoea hayo yaanzie kwangu. Lakini darasa zima lilikuwa limeshakodolea macho skrini, kwa hiyo nikairudisha video mwanzo. Lori linakata maji upande wa kushoto wa barabara, usukani uko kulia. Bujumbura magari hupita kulia, kama hapa Kigali. Mimi nimekulia Mwanza, ambako kila gari hupita kushoto, basi sikuona cha ajabu. Watoto wa Kigali walikiona wote kwa pamoja, wakanigeukia.

Aibu ilinishika. Nikasema nitaandika kwenye kundi wakati wa mapumziko. Msichana alikuwa bado amesimama.

"Mama iko analia sasa hivi, ticha. Nilimwambia, akasema mwalimu hawezi kudanganya."

Sikungoja mapumziko. Nilimpigia mama yake pale pale, sauti ya simu nimeifungua ili darasa lisikie, nikakiri kwamba nilituma bila kuuliza na kwamba mafuriko yale si ya Bujumbura. Akauliza nimejuaje. Ningeweza kusema nimechunguza, naye angeniamini. Nikamjibu kwamba aliyegundua ni binti yake, na kwamba alichomwambia nyumbani kilikuwa kweli tupu.

Mama akaomba azungumze naye. Nilimkabidhi binti simu pale mbele ya ubao, nami nikaenda kukaa kwenye dawati lake.