Mama Philomène Aondoa Chumvi Mezani

Kwa miaka kumi na minane Mama Philomène ametulisha, sisi wafanyakazi wa mjini Likasi, Kongo, pamoja na wachimbaji madini wa Kamatanda, katika malewa yake, kibanda cha mabati chenye meza nne. Sifa yake ilikuwa makayabu, samaki wa chumvi. Alikuwa akimloweka, na maji yale hakuyamwaga: aliyatia kwenye sombe, yaani kisamvu, kisha akaongeza vidonge viwili vya mchuzi. Tulilamba vidole. Walafi hatuna aibu.

Mwaka juzi mumewe, Léon, alianguka hapo hapo mezani, mdomo umepinda. Kiharusi kilimmaliza kwa siku tatu. Watu walisema amerogwa, na Philomène akakubali, maana mchawi ni rahisi kumchukia.

Mwaka huu muuguzi akampima yeye mwenyewe: presha kumi na tisa, yaani 190, juu mno. Akamkataza chumvi. Philomène ni mwanamke wa neno moja. Wiki tatu alijipikia kwenye sufuria yake ndogo pembeni, huku sisi akitupikia kwa mazoea ya mkono. Siku moja akaonja sombe letu. Akatema. Nilimwona ameshika mwiko, machozi yanamtoka.

"Ni minye njo nilikuwa namupikiaka Léon hii?" Yaani ni yeye mwenyewe aliyempikia Léon chumvi yote ile.

Kesho yake maji ya makayabu yalimwagwa mtaroni, vidonge vikatoweka, na kopo la chumvi likaondoka mezani. Zikaja nyanya, vitunguu, pilipili na ndimu. Tulinuna, jamani! Pitshou, mchimbaji, akasukuma sahani.

"Mama, hii ni chakula ya bagonjwa!"

"Mwenye anataka chumvi, aende kula fasi ingine."

Nusu ya wateja wakaenda kweli. Meza mbili zilikaa tupu wiki nzima, na najua aliogopa, kwa kuwa hakutania mtu. Lakini kopo halikurudi.

Mimi nilibaki kwa uvivu tu; kwingine ni mbali. Jumamosi nikamnong'oneza, "Mama Philo, kidogo tu. Ncha ya kijiko."

Afadhali angenifokea. Aliketi mbele yangu, kwenye kiti cha Léon.

"Papa Ruphin, na Léon alikuwa anasemaka vile: kidogo tu. Na minye nilikuwa namupa, sababu nilikuwa namupenda."

Nikakamulia ndimu, nikala yote.